Daktari ameandika "eko": majibu ya barua zenu kuhusu kipimo cha moyo

Tangu toleo lililopita liguse habari za presha, barua za safu hii zimekuwa za moyo mtupu. Mhariri amezikusanya zote akanitupia mimi. Nijitambulishe basi, maana wengine mmeniandikia "Daktari Bingwa" na mimi siye. Daktari bingwa ndiye anayekuandikia dawa. Mimi ni yule mama anayekaa pembeni ya kitanda, taa zimepunguzwa, mkono mmoja umeshika kidude kifuani kwako, mwingine uko kwenye vitufe. Ninapima eko katika hospitali moja ya rufaa hapa Dar es Salaam, na nimeifanya kazi hii mpaka bega langu la kulia limeanza kunidai haki zake. Barua nimezifupisha. Majina nimeyaacha.

*Shikamoo mama. Mume wangu ana presha mwaka wa tisa sasa. Alipimwa ECG wakasema iko sawa. Leo daktari anataka eko, na hela yenyewe si ndogo. Kama ECG iko sawa, eko ni ya nini tena? — Mke wa seremala, Temeke*

Marahaba mwanangu. Swali hili nalisikia kila siku pale mapokezi, na huulizwa kwa hasira, kwa sababu mtu ameshalipa mara moja.

ECG husoma umeme wa moyo. Zile waya za kifuani, mikononi na miguuni huandika jinsi amri ya kudunda inavyosafiri kutoka juu ya moyo kwenda chini, basi. Nyama yenyewe hazioni. Eko ni ultrasaundi, ile ile ya wajawazito, ila hapa inaelekezwa kwenye moyo, nayo huona misuli, valvu (yaani milango ya moyo) na damu inavyopita. Kwa mtu wa presha ya muda mrefu, kitu cha kwanza ninachotafuta ni unene wa ukuta wa chumba cha chini cha kushoto, kile kinachosukuma damu kwenda mwilini. Kwa mwanamume ukuta huo kwa kawaida ni milimita 6 hadi 10. Msuli unaosukumana na presha kubwa mwaka hadi mwaka hunenepa, kwa hiyo nikikuta 13 au 14 kwa mtu kama mumeo, nahisi presha imekuwa juu muda mrefu, hata kama kadi ya kliniki inaonyesha namba nzuri. Kuna wazee wanaokumbuka dawa asubuhi ya siku ya kliniki tu. Mnajijua. Unene kama huo ECG inaweza kuupita bila kuuona.

Niwaeleze atakachokutana nacho. Atavua shati, atabandikwa vibandiko vitatu vya waya ili mashine ijue moyo unaanza kudunda saa ngapi, kisha atalala kwa ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa. Wengi hudhani namlaza hivyo ili nimfikie vizuri. Hapana. Akilala hivyo moyo unasogea karibu na ukuta wa kifua na pafu linapisha. Pafu ni hewa, na sauti ya ultrasaundi ikikutana na hewa haiendi mbele. Ndiyo sababu ya jeli pia: inafukuza hewa iliyobaki kati ya ngozi na kidude changu, sisi tunakiita probu. Na ndiyo sababu kuna wakati nitamwambia, "Toa pumzi, toa yote, sasa usivute." Akitoa pumzi pafu hujikunja, na hapo kwa sekunde chache napata picha ninayoihitaji. Mvutaji sigara wa miaka mingi, ambaye mapafu yake yamejaa hewa, hunitoa jasho.

Ndani ya probu kuna fuwele zinazotetemeka mara milioni 2 hadi 5 kwa sekunde kwa mtu mzima. Sikio la binadamu linakomea kwenye mitetemo kama 20,000, kwa hiyo hatasikia kitu. Sauti hiyo hukimbia mwilini kwa mita 1,540 kwa sekunde, hugonga ukuta wa moyo, hurudi, na mashine huhesabu imechukua muda gani. Ukuta ulio sentimita 10 ndani, safari ya kwenda na kurudi huchukua kama sehemu moja ya 7,700 ya sekunde. Mashine inarudia hesabu hiyo mfululizo, ndipo tunauona moyo ukidunda papo hapo. Hakuna mionzi. Eko kamili huchukua nusu saa au zaidi kidogo, na mkikuta mtu amemaliza kwa dakika tano, muulizeni ameangalia nini.

Kuhusu hela, ushauri wangu ni mmoja. Kabla ya kulipa, mwambie daktari aandike swali kwenye fomu. Fomu nyingi zinazonifikia zimeandikwa neno moja tu, eko. Napima kila kitu, ni wajibu wangu, lakini fomu inayosema "presha miaka 9, anahema akipanda ngazi, angalia unene wa misuli na jinsi moyo unavyojaa" hunifanya nikae mahali panapohusika. Na ujue kisichoonekana: mishipa midogo inayolisha moyo wenyewe, ile inayoziba mtu akapata shambulio, eko ya kawaida haionyeshi imeziba wapi. Ninachoweza kuona ni sehemu ya ukuta iliyolegea kwa kukosa damu.

*Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, Moshi. Mwaka jana ripoti ya eko ilisema EF yangu ni asilimia 52. Mwaka huu hospitali nyingine imesema 48. Kwa hesabu zangu zaidi ya nusu ya moyo haifanyi kazi, na unaendelea kushuka. Niandike wosia?*

Shikamoo Mwalimu. Wosia uandike, ni jambo jema kwa kila mwenye shamba na watoto, ila usiuandike kwa sababu ya hesabu hiyo.

EF haipimi ni asilimia ngapi ya moyo iko hai. Inapima chumba cha chini cha kushoto kikijaa damu, kinatoa sehemu gani ya hiyo damu kwa pigo moja. Tuseme kinajaa mililita 120, kinabana, zinabaki 50. Kimetoa 70. Sabini kwa 120 ni asilimia 58, na huo ni moyo mzima usio na kasoro. Hakuna moyo unaotoa asilimia 100. Kwa wanaume kiwango cha kawaida ni 52 hadi 72, kwa wanawake 54 hadi 74. Kwa hiyo 48 iko chini kidogo ya mstari. Nusu ya moyo haijafa.

Sasa kuhusu kushuka. Namba hiyo inapatikana hivi: nasimamisha picha pale chumba kimejaa kabisa, nachora kwa mkono mpaka wa ndani wa ukuta, kuanzia kwenye valvu, kushuka mpaka ncha ya moyo, kupanda upande wa pili. Kisha nasogeza picha mpaka pale chumba kimebana kabisa, nachora tena. Narudia yote kutoka upande mwingine. Mashine inakikata chumba nilichokichora vipande vyembamba, inajumlisha ujazo wake, inatoa jibu. Lakini mpaka huo, Mwalimu, haukuchorwa na wino. Ndani ya chumba kuna misuli midogo midogo inayojitokeza, mimi naiacha nje ya mstari, mwenzangu anaweza kuukata mstari ndani yake. Picha ikiwa na ukungu, ncha ya moyo unaikadiria. Ndiyo maana mtu mmoja akipimwa na wapimaji wawili, tofauti ya pointi 5 haishangazi mtu wa kazi hii. Yako ni 4, hospitali mbili, mashine mbili, mikono miwili. Mimi nisingethubutu kuiita kushuka.

Mara nyingine pimia pale pale ulipopimia, na uende na CD ya picha za zamani, si karatasi peke yake. Nikiweka picha za mwaka jana kando ya za leo naona kwa macho kama chumba kimetanuka. Karatasi haionyeshi hivyo.

Na nikwambie msimamo wangu, ingawa wakubwa wangu hawaupendi: ningeruhusiwa, EF ningeichapisha chini kabisa ya ripoti, kwa herufi ndogo. Watu wameigeuza kuwa alama ya mtihani. Nina wagonjwa wa presha wenye EF ya 65 wanaohema wakivaa viatu, kwa sababu ukuta wa moyo umenenepa, chumba kimekuwa kidogo na kigumu, hakijai. Asilimia 65 ya damu kidogo ni damu kidogo. Wapo pia ambao valvu yao inavuja sana: chumba kinatoa asilimia nzuri, lakini sehemu kubwa inarudi nyuma badala ya kwenda mwilini, na namba inapendeza huku mtu anavimba miguu. Daktari wako muulize mambo mengine matatu: kuta zote zinabana sawasawa? Chumba kimetanuka? Kinajaa vizuri? Ukipata majibu hayo, hiyo 48 itakaa mahali pake.

*Mamangu ni mtu wa stara, hapa Mombasa. Ameandikiwa eko, ameuliza kama atavuliwa nguo na kama mpimaji ni mwanamume. Akisikia ndiyo, haendi.*

Mwambie ukweli, nguo za juu zitavuliwa, na sidiria pia, maana picha moja muhimu sana hupatikana chini ya titi la kushoto. Lakini havuliwi akaachwa. Atafunikwa shuka, na panapofunuliwa ni pale probu inapogusa tu. Aje na kanga yake kama ataona raha zaidi. Asivae dera, avae sketi na blauzi ya vifungo mbele, buibui juu yake.

Kama anataka mpimaji mwanamke, mseme siku ya kuchukua miadi, si siku ya kipimo wakati foleni imefika mlangoni. Sehemu nyingi yuko. Na wewe binti yake uingie naye, hakuna mionzi ya kukudhuru. Mpimaji mwanamume mwenye adabu pia atakuomba uingie.

*Binti yangu ana miaka 13, tuko Kahama. Alianza kuumwa magoti, maumivu yakahamia vifundoni, tukasema anakua. Baadaye akawa anahema akikimbia. Eko imesema valvu ya mitro imeathirika na inavuja. Anachomwa sindano kila wiki nne, analia sana. Jirani anasema tuache, mbona hatuoni tofauti. — Mama mwenye wasiwasi*

Jirani huyo mpe chai, sindano usiache.

Kilichompata binti yako kwa maelezo yako ni kile tunachokiita ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Huanzia kooni, kwa mafindofindo yanayoletwa na bakteria waitwao streptokoka wa kundi A, na hupata zaidi watoto wa umri wa shule, miaka 5 hadi 15. Koo hupona. Lakini kwa baadhi ya watoto, kinga iliyotengenezwa kupigana na bakteria hugeukia viungo vya mwili wenyewe: magoti, vifundo, na valvu za moyo. Magoti hupona bila kovu. Valvu hazisahau. Na kila mafindofindo ya aina hiyo yanaporudi, valvu hupigwa tena, kovu juu ya kovu. Sindano ya penisilini ya kukaa muda mrefu haitibu kovu lililopo, ndiyo maana hamuoni tofauti. Kazi yake ni kuzuia pigo la pili, la tatu na la nne. Tofauti mnayoisubiri ni kitu kisichotokea.

Nikuonyeshe ninachokiona kwenye skrini nikimlaza mtoto kama wako. Valvu ya mitro ina mapazia mawili membamba, yanafunguka na kufunga mlango kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto. Kwa mtoto mzima, pazia la mbele linaruka wazi kwa wepesi, mpaka ncha yake inakaribia kugusa ukuta wa mbele. Kwa mwenye rumatiki, ncha ni nene, zinang'aa nyeupe, na kamba zinazozishikilia zimefupika na kushikamana. Katikati ya pazia panataka kufunguka lakini ncha haiachii, basi linapinda. Vitabuni wanaufananisha mpindo huo na fimbo ya hoki. Mtu aliyeuona mara moja hausahau, na hauonekani kwa stetoskopu wala eksirei.

Kisha nawasha rangi zinazoonyesha damu inavyokwenda, niangalie kuvuja. Hapa nataka wazazi wote mnisikilize, kwa sababu ripoti nyingi huandika "inavuja kidogo sana" na watu hawalali usiku. Karibu kila mtu mzima wa afya ana valvu mojawapo inayovuja kiasi cha kudondosha. Si ugonjwa. Ili nishuku rumatiki, mvujo wa mitro lazima uonekane kutoka pande mbili, uwe na urefu wa sentimita 2 au zaidi kwa mtoto wa kiasi cha binti yako, uende kasi ya angalau mita 3 kwa sekunde, na udumu muda wote moyo unapobana. Masharti yote manne. Shirikisho la Moyo Duniani liliyaweka mwaka 2012 ili watoto wenye mivujo ya kawaida wasibandikwe ugonjwa.

Na kuhusu faida ya sindano, ushahidi umetoka hapa hapa jirani, Uganda. Watafiti walichukua watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 ambao walikuwa hawana dalili yoyote. Eko ndiyo iliyogundua dalili za mwanzo kwenye valvu zao. Nusu wakachomwa sindano kila wiki nne kwa miaka miwili, nusu wakafuatiliwa bila sindano. Mwishoni, waliozidiwa upande wa sindano walikuwa 3, yaani asilimia 0.8. Upande mwingine walikuwa 33, asilimia 8.2. Hao walikuwa hawajawahi kuambiwa wana ugonjwa huu. Binti yako ameshaumwa, kwa hiyo yeye anaihitaji kuliko wao.

Maumivu ya sindano ni ya kweli, msimwambie "acha kudeka". Mwombeni muuguzi dawa isitoke friji moja kwa moja, abonyeze mahali pa kuchoma kwa nguvu kabla ya kuchoma, asukume taratibu, na muulizeni kama inawezekana kuchanganya na ganzi kidogo. Mtoto aliyeandaliwa hulia kidogo kuliko aliyevamiwa. Sindano hizi ni za miaka mingi, mara nyingi si chini ya 10, daktari ndiye atakayesema mwisho wake.

La mwisho, mama. Valvu ya mitro ya mtu mzima hufunguka kwa eneo la sentimita za mraba 4 hadi 6. Kovu likiendelea inaweza kubana mpaka 1.5 au chini ya hapo, na hiyo tunaiita kali. Mwanamke anaweza kuishi na mlango huo mwembamba bila kujua mpaka abebe mimba, kwa sababu mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu yake, na damu hiyo yote inataka kupita pale pale. Wengi ninaowapima wakiwa na mimba ya miezi sita, wanahema wameketi, hawajawahi kuambiwa kuwa utotoni waliumwa magoti kwa sababu. Binti yako apimwe eko kila daktari atakapopanga, na kadi yake aijue mwenyewe. Akifika umri wa kuolewa, eko kwanza, mimba baadaye.

*Nipo kidato cha sita PCB, Unguja. Bibi yangu alipimwa eko nikaona damu nyekundu na ya bluu. Nyekundu ni safi na bluu ni chafu? Na ile sauti ya "vuu, vuu" ni ya moyo wenyewe? Nani aligundua mashine hii?*

Umeangalia vizuri mwanangu, ila rangi hizo si za damu. Nyekundu ni damu inayokuja upande wa probu, bluu ni inayokwenda mbali nayo. Nikigeuza probu, damu ile ile hubadilika rangi. Ukiona njano na kijani vimechanganyika, hapo damu inakwenda kwa vurugu, na mimi hukaza macho.

Inawezekana kwa sababu ya jambo alilolieleza Christian Doppler huko Prague mwaka 1842, akizungumzia mwanga wa nyota. Damu inayokuja kwenye probu hurudisha mitetemo mingi kuliko iliyotumwa. Inayokimbia hurudisha michache. Tofauti hiyo, kwa bahati yetu, inaangukia katika kiwango ambacho sikio husikia, basi mashine inaipitisha kwenye spika. Kwa hiyo "vuu" uliyosikia ni tofauti ya mitetemo, si mdundo wa moyo wenyewe. Kutokana na tofauti hiyo napata kasi ya damu, na kutokana na kasi napata presha: chukua kasi kwa mita kwa sekunde, zidisha kwa yenyewe, kisha mara 4. Damu ikipita kwenye valvu ya aota, mlango wa mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, kwa mita 4 kwa sekunde, jibu ni 64, yaani kuna tofauti ya milimita 64 za zebaki kati ya pande mbili za valvu, na valvu hiyo imebana vibaya. Zamani ilibidi kupenyeza mrija moyoni ili kuijua namba hiyo.

Mashine ilianzia Lund, Uswidi. Daktari Inge Edler alikuwa na wagonjwa wa valvu ya mitro iliyobana, hao hao wa rumatiki, na alihitaji kujua nani apelekwe kwa wapasuaji. Akakutana na mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz. Hertz alijua kwamba viwanda hutumia ultrasaundi kutafuta nyufa ndani ya chuma, akaenda kwenye karakana ya meli ya Kockums, Malmö, akajaribu kifaa chao kwenye kifua chake mwenyewe. Baadaye wakaazima kimoja kutoka Siemens, na tarehe 29 Oktoba 1953 wakarekodi mwendo wa moyo kwa mara ya kwanza. Haikuwa picha, ilikuwa mistari inayopanda na kushuka. Mstari mmoja Edler aliudhani ni ukuta wa chumba cha juu. Baadaye ikabainika ni pazia la mbele la mitro, lile lile nililomweleza mama wa Kahama. Na huyo Hertz ni wa ukoo wa Heinrich Hertz, ambaye jina lake mnalitumia kila siku kwenye fizikia kupimia mitetemo.

*Nilipata kiharusi kidogo, nimepona. Sasa wanataka "eko ya kumeza". Niko Mwanza. Inatisha.*

Pole sana. Haimezwi kama kidonge: ni mrija mwembamba wenye probu ndogo kwenye ncha, unapitishwa kooni mpaka kwenye umio, njia ya kushukia chakula. Umio umepita nyuma kabisa ya chumba cha juu cha kushoto, hakuna mbavu wala pafu katikati, kwa hiyo picha huwa safi ajabu. Wanatafuta chanzo cha kiharusi chako: damu iliyoganda kwenye kifuko kidogo cha chumba hicho, ambacho mimi kutoka kifuani sikioni vizuri, au kitundu kati ya vyumba viwili vya juu. Kitundu hicho kiko kwa karibu mtu mmoja kati ya wanne, wengi hakiwasumbui maisha yao yote.

Utakaa bila kula saa 6, utapuliziwa ganzi kooni, na mara nyingi utachomwa dawa ya kusinzia, kwa hiyo uje na mtu wa kukurudisha. Meno ya bandia yatoe. Ukimaliza, usinywe hata maji mpaka koo lirudi kuhisi.

Kwa kuwa uko Kanda ya Ziwa, nakusihi jambo moja: kama uliwahi kuumwa kichocho cha tumbo, kutapika damu, au kuambiwa ini au bandama imevimba, liseme kabla. Kichocho cha muda mrefu kinaweza kuvimbisha mishipa ya damu ndani ya umio, na hapo mrija huo si wa kupitisha kienyeji. Wasipokuuliza, sema mwenyewe.

*Kaka yangu Iringa ameambiwa moyo umejaa maji. Maji yameingiaje ndani ya moyo?*

Hayako ndani. Moyo umefungwa kwenye mfuko, na maji yamejikusanya kati ya mfuko na moyo. Kwenye eko yanaonekana kama utepe mweusi unaouzunguka, na ni moja ya vitu rahisi kuvitambua. Kwetu huku kifua kikuu ni mojawapo ya sababu kubwa, hivyo lazima apimwe TB. Ninachopima hasa si wingi wa maji, ni kama yanaubana moyo ushindwe kujaa. Yakiubana, daktari huyatoa kwa sindano siku hiyo hiyo, eko ikimwonyesha njia. Kama anahema, kichwa kinazunguka au mishipa ya shingo imetuna, msisubiri miadi.

*Nina mimba ya wiki 20. Je, eko ya moyo wangu itamdhuru mtoto? Na nije bila kula?*

Haitamdhuru. Wiki 18 hadi 22 ndio wakati ambao hata moyo wa mtoto mwenyewe hupimwa kwa ultrasaundi, pakiwa na sababu, kwa mfano kama wewe au mtoto aliyemtangulia huyu mlizaliwa na tundu kwenye moyo. Kula kabisa, kunywa maji, nenda haja ndogo kabla ya kuingia. Ukilala ubavu wa kushoto tumbo nalo litapata raha. Usipake mafuta kifuani asubuhi hiyo, vibandiko vyangu havishiki.